Inatoka Wapi, Inakwenda Wapi

Diski za zamani zilikuwa na adabu. Kabla ya kufa zililia: tiki, tiki, tiki, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, na mwenye kompyuta akapata nafasi ya kuhamisha vitu vyake. Hizi za siku hizi hazina sauti. Zimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, hazizunguki, haziungurumi. Leo zinasoma, kesho hazipo. Fundi aliwaeleza wateja wake maneno haya kila siku, bisibisi ikiwa imepachikwa nyuma ya sikio kama kalamu, na Jumamosi ile alimweleza karani mmoja wa hospitali aliyeingia dukani amekumbatia laptopu mpya, jasho likimtoka.

"Diski si shida yangu, fundi," karani alisema. "Hii kitu imelogwa. Nafungua barua, nasikia kabisa mlio wa kufunguka, lakini barua siioni. Mama mkwe alikuja wiki iliyopita, akaishika."

"Mama mkwe mwache apumzike. Ofisini unaichomeka kwenye skrini kubwa?"

"Ndiyo."

"Inakaa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi, mchawi tumempata." Fundi akaigeuza laptopu ili wote wawili waone. "Umechomoa waya, lakini yenyewe haijajua. Bado inaamini kuna skrini nyingine hapa pembeni, na vitu vyako inaviweka huko. Utazame huu mshale." Akausukuma kwa kidole kuelekea kulia. Mshale ukafika ukingoni, haukusimama, ukapita na kupotea. "Sasa hivi unatembea hapo hewani, kwenye ukuta wangu."

Akabonyeza vitufe viwili vitatu. Barua zote zikarudi, zimepangana kama kondoo.

"Kwa hiyo siku zote hizo zilikuwepo?"

"Zilikuwepo. Zilikuwa zinakungoja tu."

Karani alicheka, akashukuru. Lakini alipotoka, alipita mbali na ule ukuta.

Fundi naye akafunga duka mapema, kama kawaida yake ya Jumamosi, akaenda nyumbani.

Alikuwa amejaliwa mabinti wawili. Wa kwanza walimwita Bibi Mkubwa, kwa sababu tangu alipojua kusema alikuwa akitoa amri. Aliandika kwa mkono wa kushoto, alijirekodi akisoma habari kama watangazaji, na ndiye peke yake aliyemwita baba yake Mzee wa Nyaya. Mvua za mwaka uliopita zilikuja na homa, na homa ikaondoka naye. Wa pili alikuwa Punje, aliyezaliwa mdogo mno hata wauguzi wakamhurumia. Punje hakuwa mtoto wa maneno mengi. Alipenda kucheza eksi na sifuri na baba yake kwenye programu ya kuchorea: anaweka eksi moja asubuhi, anaiacha laptopu yake wazi, baba akirudi anajibu kwa sifuri. Baba alikuwa akifungwa kila mara, kwa makusudi. Mchezo ukiisha, sheria yao ilikuwa kufuta ubao wote na kuanza upya. Na Punje alipotaka kuomba kitu, hakusema. Alichora ubao mtupu, akamwachia baba yake aanze.

Tangu mazishi, majirani walianza kumwita mke wa fundi Mama Punje. Hakuwa akiitika.

Mchana ule fundi alikuta laptopu ya marehemu iko mezani. Muda wote huo ilikuwa kabatini, imeviringwa shali. Mkewe alikuwa na kawaida ya kulifungua kabati kila alasiri na kuisemesha. Siku moja fundi alipita koridoni akamsikia akinong'ona: "Chochote. Nitatoa chochote." Hakumuuliza. Msiba una maneno yake.

"Nataka sauti yake," mkewe alisema sasa. "Ile anayosoma habari. Jana nimejaribu kuikumbuka, nikasikia ya kwangu mwenyewe."

Fundi akakaa polepole. "Ungeniambia mapema. Hizi diski hazipendi kulazwa bila umeme, mke wangu. Zikikaa sana, zinasahau."

"Yaani kuitunza ndiko kulikoiua?"

Fundi akainama, akajifanya anatafuta waya.

Aliichomeka kwenye umeme. Taa ndogo ikawaka, lakini kioo chake kilibaki cheusi. Akaleta skrini kubwa kutoka chumbani. Laptopu ile ilikuwa na matundu mawili yanayofanana kama pacha, na moja tu ndilo linalotoa picha. Tundu la kwanza: giza. Tundu la pili: picha ya Bibi Mkubwa ikajaa skrini nzima, ametoa ulimi. Mkewe akashika mdomo.

Kisha folda zikatoweka. Zikarudi. Zikatoweka tena.

"Isizimwe," fundi alisema. "Ikizimwa haiwaki. Lazima tuinakili yote, sasa hivi, kwa mkupuo mmoja. Lakini diski za dukani zote ni ndogo."

Punje alikuwa kwenye kona ya meza, anapaka rangi picha ya samaki. Akainua kichwa. "Yangu ina nafasi, Baba. Mwekee Dada kwangu."

Mama yake akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, usoni, mikononi, miguuni, kama mtu anayepima kitambaa. Hakuwa amemtazama hivyo tangu mazishi.

"Vitu vya Punje nimeshavitoa," akasema. "Nimevitoa asubuhi."

Baadaye sana ndipo fundi alipolikumbuka lile neno, asubuhi.

Akaunganisha laptopu mbili kwa waya mmoja. Kazi ya kunakili diski ina kosa moja linalowamaliza mafundi: kugeuza njia, ukanakili utupu juu ya vitu badala ya vitu juu ya utupu. Kwa hiyo fundi alijiwekea utaratibu, na akawafundisha wanawe kama mchezo. Aliweka kidole kwenye skrini, akasema kwa sauti: "Inatoka wapi?"

"Kwa Dada," Punje akajibu.

"Inakwenda wapi?"

"Kwangu!"

Njia ilikuwa sahihi. Programu ikaandika onyo lake la siku zote: *Lengo litafutwa lote. Endelea?* Fundi alikuwa amelibonyeza onyo hilo maisha yake yote, jinsi mtu anavyofunga vishikizo vya shati. Akabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Mkewe alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha Punje. Fundi akanywa chai, akatazama mstari, akatazama diski isije ikakata roho. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba. Mstari ulipofika robo, alimwona Punje akihamisha kalamu ya rangi. Kutoka mkono wa kulia. Kwenda wa kushoto.

"Mkono umechoka, mwanangu?"

"Hapana."

Akaendelea kupaka. Hakutoka nje ya mstari hata mara moja. Punje hutoka nje ya mstari kila mara.

Kisha akaanza kuimba puani, chini chini. Ulikuwa ule wimbo mfupi wa kufungulia taarifa ya habari. Fundi akaweka kikombe chini. Punje alikuwa na kovu kidevuni, alilolipata alipoanguka ngazini. Fundi akalitafuta. Akasogea, akalitafuta tena. Kidevu kilikuwa laini.

Mstari ulikuwa umepita nusu.

"Punje."

Kalamu ikaendelea kutembea.

"Punje!"

Mtoto akageuka kumtazama mama yake. "Anamwita nani?"

Fundi aliruka kuushika waya. Mkono wa mkewe ukamdaka kifundo cha mkono. Ulikuwa baridi, na ulikuwa na nguvu ambazo hakuzijua.

"Ukichomoa katikati," mkewe akanong'ona, "inakuwaje?"

"Niachie."

"Niambie. Si wewe ndiye unayewaonya watu? Inakuwaje?"

Fundi alijua. Alikuwa ameiandika kwa wino mwekundu juu ya meza yake ya dukani.

"Vyote viwili vinaharibika."

"Basi kaa."

Hakukaa. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mashavu yote mawili. Yalikuwa ya moto. "Mimi nani?"

"Baba."

"Wewe nani?"

Midomo ya mtoto ikakutana. Ilitaka kusema. Ilikutana tena. "Pu..."

Mstari ukajaa. Laptopu ikalia ting, mlio mdogo wa furaha.

Mtoto akapepesa macho. Akaangalia samaki wake, meza, dirisha, kama mtu aliyeamka katika basi na kukuta amepitiliza kituo. Kisha akamwona fundi, akatabasamu.

"Mzee wa Nyaya," akasema. "Mbona umeota mvi?"

Mkewe akaanguka sakafuni, akamkumbatia mtoto kiunoni, akalia kwa sauti. Kilikuwa kilio cha furaha. Hapo ndipo fundi alipoogopa.

Alisubiri mpaka mtoto alipokwenda kuoga, akisikika akiziamrisha ndoo na sabuni.

"Punje yuko wapi?"

Mkewe alikuwa anakunja shali. "Asubuhi tulikuwa na mtoto mmoja," alisema kwa upole. "Sasa tuna mtoto mmoja. Kimepungua nini?"

"Punje alikuwa anakuita mama!"

"Alikuwa ananiita. Mimi nilikuwa namsikiliza mwingine." Akaweka shali kabatini. "Kila siku niliahidi, baba watoto. Sikuwahi kusema nitatoa nani. Yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea, ulimsikia."

Maisha yakaendelea, na huo ndio ukatili wa maisha. Ukiacha lile kovu, sura ilikuwa ya Punje, kwa hiyo majirani hawakuona kitu. Shuleni walimsifu kwamba amechangamka, anaongoza wenzake, hesabu za darasa la juu anazimaliza kabla ya wenyewe. Mwandiko wake ulilalia upande mwingine. Walisema ni ukuaji.

Mama yake, majirani wakimwita Mama Punje, sasa aliitika, na akacheka.

Fundi alikuja kuifungua laptopu ya Punje alasiri moja, nyumba ikiwa tupu. Alitaka tu kuona kama kuna chochote cha mwanawe kilichosalia. Hakikuwepo. Picha zote zilikuwa za Bibi Mkubwa, habari zote zilisomwa na Bibi Mkubwa. Kila kitu kilikuwa kimenakiliwa vizuri mno. Alikuwa fundi hodari. Alipotaka kuifunga, jicho lake likaangukia kwenye maandishi ya mipangilio.

*Skrini: mbili.*

Hakukuwa na waya wowote uliochomekwa.

Akabonyeza vile vitufe vya kurudisha madirisha, vilevile vilivyomsaidia karani. Hakikurudi kitu. Akaleta skrini kubwa, akaichomeka ili iwe ndiyo hiyo ya pili. Laptopu ikahesabu tatu. Akaichomoa. Mbili.

Akausukuma mshale kulia. Ukafika ukingoni. Ukapita. Ukapotea, kwenye ukuta mweupe kando ya meza.

Akaondoa mkono wake kwenye mausi.

Mshale ukarudi.

Ulirudi taratibu. Ulitokeza ncha tu pale ukingoni, ukasimama, ukajificha, ukatokeza tena. Hivi ndivyo mtoto anavyochungulia mlangoni anapojua baba yuko kazini na hataki kumsumbua.

"Punje?" fundi akanong'ona.

Mshale ukatetemeka. Kisha ukavuta ukingo wa dirisha kutoka kule kulia, kwa shida, kama mtu anayeburuta kitanda. Ilikuwa programu ya kuchorea. Ndani yake mistari miwili ya kusimama, miwili ya kulala, visanduku tisa. Na eksi moja.

Fundi alilia mpaka akashindwa kuona. Kisha akaweka sifuri mahali pabaya, ili mwanawe ashinde.

Wakawa wanacheza kila alasiri. Hakumwambia mtu. Dukani alikuwa anakosea hata kazi ndogo, anazirudishia laptopu vifuniko vya nyingine. Lakini diski ya laptopu ya Punje, iliyokuwa mpya, ilianza kuugua. Alipoipima, ilisema iko salama. Alipoipima tena, ilikataa kupimwa. Eksi zikaanza kuja na mguu mmoja. Siku moja mshale ulitokeza, ukasahau ulichofuata, ukazunguka palepale kwa muda mrefu.

Fundi aliwahi kuona diski nyingi zikifa. Alijua hii itakwenda bila kuaga.

Basi alichagua siku ambayo mkewe alikuwa sokoni. Akaunganisha tena ile laptopu ya Bibi Mkubwa, iliyokuwa haijazimwa tangu siku ile, akawasha programu ya kunakili. Orodha ya vyanzo ilikuwa na diski ya Bibi Mkubwa, diski ya Punje, na chini yao cha tatu kisicho na jina, chenye ukubwa uleule wa ile ya Punje. Akakichagua. Kwenye lengo akaweka laptopu iliyo mbele yake. Kwa mazoea akaweka kidole kwenye skrini, akasema kwa sauti:

"Inatoka wapi?"

Ukutani hakukusikika kitu.

"Inakwenda wapi?"

"Kwangu," sauti ikajibu.

Alikuwa amesimama mlangoni, bado na sare ya shule, ameshika glasi ya maji kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amemletea maji. Alikuwa anafanya hivyo siku zote, hata kabla hajafa.

"Inakwenda kwangu, sivyo, Mzee wa Nyaya?"

Fundi akakiziba kioo kwa kiganja.

"Na mimi nitakwenda wapi?"

*Lengo litafutwa lote. Endelea?*

"Nenda nje, mwanangu. Nenda ukacheze."

"Kule kulikuwa na giza." Hakupiga kelele. Maji yalikuwa yanacheza ndani ya glasi. "Niliwaita, hamkuja. Nilimsikia Mama tu, mbali. Usinirudishe. Nimekosa nini?"

Hakuwa amekosa kitu. Alikuwa mwanawe. Uso ule ulikuwa wa mmoja, sauti ilikuwa ya mwingine, na wote wawili aliwabeba mgongoni. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kilitaka kushuka. Kikakataa. Kikataka tena. Alimwona Punje akichungulia ukingoni. Alimwona Bibi Mkubwa juu ya kitanda cha hospitali, akiuliza kama kesho ataenda shule. Akafumba macho, akatega sikio, mazoea ya fundi wa zamani, asikie kama diski inalia. Ikilia, atabonyeza. Ikilia tu.

Haikulia.

Alipofumbua macho, orodha ilikuwa na majina mawili tu, na chini yao utupu.

Akaisoma upya. Mawili. Akachomoa waya, akauchomeka, akapuliza tundu, akawasha upya, akaanza kulia kama mtoto huku akibonyeza. Mawili. Mawili.

Mkono mdogo ukamgusa bega. "Kunywa maji, Baba," binti alisema. Tangu siku ile ya kunakili hakuwa amemwita Baba. Alilisema kwa uangalifu, kama mtu anayevaa nguo ya mwenzake na kukuta inamtosha.

Mkewe aliporudi, alipika. Walikula. Aliongea sana, akamchagulia binti vipande vizuri. Fundi alipoulizwa mbona hali, alisema kazi ilikuwa nyingi.

Laptopu ya Punje haikuwaka tena. Aliifungua, akaing'oa bodi, akaitia katika ndoo ya vyuma chakavu. Lakini ukuta ulio kando ya meza ulibadilika. Jua la alasiri likiupiga, panaonekana mraba uliofifia, wenye ukubwa wa skrini, na mtu akiweka kiganja hapo anakuta pana joto kidogo, kama mgongo wa kompyuta inayofanya kazi. Ndani ya mraba ule kukatokea mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala. Mwanzoni alidhani ni ufa. Akakwangua rangi. Mistari ilikuwa ndani ya plasta. Akabomoa plasta. Ilikuwa kwenye tofali.

Ubao ulikuwa mtupu. Alikuwa ameachiwa aanze.

Fundi akachukua penseli, akachora sifuri katikati. Alasiri iliyofuata palikuwa na eksi, imechimbwa kutoka ndani, vumbi la tofali limeanguka sakafuni. Wakaenda hivyo, na safari hii fundi alicheza kwa akili zake zote, asishinde, asishindwe, kwa sababu mchezo ukiisha ubao hufutwa.

Majirani waliowahi kuingia mle ndani wameuona. Mke wa fundi amejaribu kuupaka rangi mara kadhaa, na rangi huanguka kabla haijakauka. Visanduku vinane vimejaa. Kimebaki kimoja, cha pembeni kulia, na ni zamu ya fundi. Hajaweka kitu. Anakaa hapo kila alasiri, penseli mkononi, mpaka binti amwite kula.

Na ndani ya kisanduku kile kitupu, kwa chini, usawa ambao mkono wa mtoto mdogo ungefika, kuna alama nyembamba za kucha. Kila ukipita, zimeongezeka.